Tangazo la Mito

Kila alasiri akitoka shule, Sindano alitua mkoba nyuma ya mlango wa karakana ya mama yake, akavaa gauni kuukuu, akajifunga kitambaa puani, akaketi kwenye mkeka kuchambua usufi. Usufi ni ile pamba nyepesi ya kujazia mito, na kama hujawahi kuuchambua, shukuru. Umejaa mbegu nyeusi ndogondogo, na kila mbegu lazima itolewe kwa mkono, maana ikibaki hata moja, mteja atailalia na itamchoma sikio. Wakati huo manyoya yake yanapeperuka na kuingia machoni, masikioni, hata kwenye chai. Mama alikuwa upande wa pili, mguu juu ya cherehani, akishona foronya, na mtoto akipiga chafya mama husema "afya" bila kuinua kichwa.

Jina la Sindano alipewa na wenzake kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwembamba. Ya pili, mdomo wake ulichoma.

Toka mlango wa karakana yao hadi mlango wa pili wa ng'ambo ya barabara zilikuwa hatua kumi na mbili. Sindano alizihesabu siku moja alipotumwa kurudisha mkasi wa watu. Mlango huo wa ng'ambo ulikuwa wa shangazi yake, dada wa baba, naye pia alishona mito. Zamani wote wawili walifanya kazi chumba kimoja. Kisha mteja mmoja akarudisha mito miwili iliyojazwa nusu. Mama akasema imejazwa na shangazi, shangazi akasema imejazwa na mama, na hakuna aliyekubali kosa hadi leo. Waligawana cherehani, wakagawana magunia, shangazi akavuka barabara. Huo ulikuwa mwaka wa pili sasa, na zile hatua kumi na mbili hazikukanyagwa ila kwa ugomvi.

Tena ugomvi wa kila siku, jamani. Asubuhi mama akifagia, manyoya ya usufi yalielekezwa ng'ambo.

"Taka zirudi kwa mwenyewe," mama alisema kwa sauti ya kusikika.

"Wengine wana muda wa kufagia," shangazi alijibu akiwa mlangoni kwake, "kwa kuwa hawana wateja."

Kwenye kona ya barabara palikuwa na chumba cha kuchapa na kutoa nakala, cha mwanamke kijana ambaye watu wote walimwita Dada wa Printa. Mlangoni pake alibandika karatasi iliyoandikwa WIFI IPO. Mama akipita hapo hakosi kusema, "Hata mimi ninaye, tena sikumwomba." Watu wakicheka, shangazi husikia, na kesho yake kijembe hurudi kikiwa kimenolewa.

Lakini kuhusu wateja, shangazi alisema kweli. Kwake walikuja watu wenye simu mkononi, wakitazama kioo kisha wakitazama kibao cha mlango, wakiuliza, "Hapa ndipo kwenye tangazo?" Kwa mama waliingia wenye kuuliza njia tu.

Siku moja mama alizima cherehani kabla ya wakati wake.

"Mwezi huu ukiisha hivi," alisema, "cherehani naiuza. Kiwanda cha magunia kinatafuta watu wa zamu. Baba yako yuko na lori lake siku zote, kwa hiyo zile wiki nitakazoingia zamu ya usiku, wewe utalala kwa shangazi yako."

"Kwa nani?"

"Una shangazi wangapi?"

"Bora nilale na mbuzi!"

"Mbuzi hatuna," mama alisema, akafunika cherehani kwa shuka.

Karatasi ya kuomba kazi kiwandani ilikuwa tayari chini ya mkasi. Sindano aliiona. Alale nyumba ya yule mwanamke? Ale meza moja na binamu yake Spika, mwenye domo lisilofungwa, wa darasa lake mwenyewe? Aliapa moyoni kwamba karakana ya mama haitafungwa, liwe liwalo.

Kesho yake akamburuta mama hadi kwa Dada wa Printa.

"Tunataka tangazo kama la yule," Sindano alisema. Hakuwa na haja ya kutaja yule ni nani.

Dada wa Printa alivuta viti viwili, akawaeleza taratibu. Mtu akitaka kitu siku hizi huandika neno kwenye mtandao wa kutafutia. Mwenye biashara anachagua maneno yake, na mtu akiyaandika maneno hayo, tangazo linatokea juu kabisa.

"Likionekana tu, hulipi kitu," alisema. "Likibonyezwa, unalipa, mtu anunue asinunue. Kwa hiyo unaweka kiasi cha siku. Kikiisha, tangazo linazimika hadi kesho."

"Yaani mtu akichungulia tu dukani kwangu, mimi nilipe?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana lazima uchague watu wa kukuchungulia."

Mama alifikiri sana. Kisha akafungua pochi, akatoa pesa aliyoiweka ya kununulia vitambaa. Ilitosha kama siku kumi. Akaunti ikafunguliwa kwa jina lake, tangazo likaandikwa: Mito laini ya usufi halisi, haiumizi shingo, urefu sentimita sabini, mkabala na mashine ya kusaga. Dada akaandika kwenye kipande cha karatasi maneno ya kutafutia: "mito ya kulalia", "mito ya usufi", "fundi wa mito". Kabla hajayaingiza, mashine yake ya nakala ikatafuna karatasi za mteja, mteja akapiga ukelele.

"Nisubirini, nakuja," Dada alisema akikimbia.

Sindano hakuzaliwa na subira. Kwenye kompyuta kila neno lilikuwa na namba pembeni, idadi ya watu wanaolitafuta. "Mito ya kulalia" lilikuwa na watu wachache. Chini yake kulikuwa na neno "mito" peke yake, na namba yake ilikuwa ndefu ajabu.

"Mama, sisi tunauza nini?"

"Mito."

"Basi," Sindano alisema, akalibonyeza neno hilo na kuyaacha mengine yote.

"Dada amesema tumsubiri."

"Mama, penye watu wengi ndipo penye wateja."

Dada aliporudi, vidole vyeusi kwa wino, aliuliza, "Mmeingiza maneno niliyoandika?"

"Ndiyo," Sindano alijibu bila kupepesa macho.

"Vizuri. Kila jioni fungua ukurasa huu wa ripoti. Utaona watu waliandika nini hasa hadi wakafika kwako. Usiache hata siku moja."

"Sawa, dada."

Hakuufungua. Alikuwa akitazama namba moja tu kwenye simu ya mama, ile ya waliobonyeza.

Jumatatu jioni namba hiyo ilikuwa arobaini na mbili. Sindano aliruka hadi usufi ukaruka naye. Mama alitandika foronya mpya mezani, akapangusa kibao, akaweka simu karibu ichukulike upesi. Simu haikulia. Jumanne walibonyeza arobaini na nane, kiasi cha siku kikaisha kabla jua halijazama, na simu ikakaa kimya kama imefiwa.

"Watu arobaini na nane," mama alisema, "na hata mmoja hakuuliza bei? Kuna mkono wa mtu hapa."

Macho yao yote manne yakavuka barabara.

Jumatano asubuhi, darasani, kabla mwalimu hajaingia, Spika alipaza sauti kutoka dawati la mbele. Ndivyo alivyozungumza daima, hata akiomba kalamu.

"We Sindano! Tangazo lenu la mito lilinisumbua jana! Nimelibonyeza mara tatu!"

Darasa likacheka. Spika alitaka kuendelea, lakini mwalimu akaingia, na Sindano hakuhitaji kusikia zaidi. Siku nzima aliketi kama aliyekalia mwiba. Kengele ya mwisho ilipolia alikimbia hadi karakana.

"Ni wao, mama! Spika amekiri mbele ya darasa zima! Amebonyeza mara tatu kwa siku moja. Shangazi ndiye aliyemtuma!"

Hilo la kutumwa hakulisikia popote. Lilitoka lenyewe mdomoni, na wakati ule lilikuwa tamu. Mama hakuuliza mara ya pili. Alishuka kwenye kiti na kuvuka zile hatua kumi na mbili bila kuvaa viatu.

"Wifi! Toka nje!"

Shangazi akatoka, tepu ya kupimia shingoni. Nyuma yake alikuwapo mteja, mwanamke aliyekwisha kuchagua mito sita, ameikumbatia yote.

"Nimetoka. Umekuja kununua mto? Karibu. Kwako najua hakuna wa maana."

"Unamtuma mwanao abonyeze tangazo langu ili pesa yangu iishe! Mwizi wa mchana kweupe!"

"Mimi?"

"Wewe! Ulinila nusu ya usufi zamani, sasa unanila kwa simu!"

Watu walianza kusimama. Muuza vocha akaacha meza yake. Yule mteja alitazama huku, akatazama kule, akaiweka mito sita chini polepole, akasema atarudi siku nyingine, na kila mtu alijua kwamba hatarudi.

Shangazi alimsindikiza kwa macho hadi alipopotea. Aliporudisha uso, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Umenifukuzia mteja kwa jambo nisilolijua. Kaka yangu anarudi Ijumaa. Utalithibitisha mbele yake. Ukishindwa, utaniomba radhi hapahapa barabarani, mbele ya watu hawahawa."

"Nitathibitisha! Mwanangu hajawahi kuniambia uongo. Akisema yeye, nimesema mimi."

Sindano, nyuma ya mlango, alilisikia neno hilo likimgonga kifuani. Akajiambia kwamba shangazi ni mbaya tangu zamani, kwa hiyo haikosi amefanya.

Wala hakuishia hapo. Alhamisi, kipindi cha kompyuta, aliwaita marafiki zake watatu. Wakaandika "mito ya usufi" kwenye kompyuta nne za shule, na tangazo la shangazi lilipotokea wakalibonyeza, wakarudi nyuma, wakalibonyeza tena.

"Mbonyezo huu ni wa mama," Sindano alinong'ona kila akibonyeza, kama anayepiga kofi. "Na huu wa mama. Na huu."

Kengele ilipolia walikuwa wamepita hamsini. Walitoka wakicheka, wakaingia kwenye kipindi cha Jiografia, na hapo kicheko kikakoma kwa sababu mwalimu wa Jiografia alikuwa amesimama mbele na rundo la madaftari, shingo imemvimba.

"Kuna mtu hapa ananifanyia mzaha," alisema. "Nimetoa zoezi Jumatatu: taja aina za mito na sifa zake. Nakili, simama."

Nakili alikuwa mvulana wa dawati la nyuma. Jina lake halihitaji maelezo. Alisimama, na mwalimu akasoma daftari lake kwa sauti ya hasira.

"Jibu. Aina ya kwanza ni mito laini. Mito hii ni ya usufi halisi na haiumizi shingo. Inapatikana mkabala na mashine ya kusaga. Urefu wake ni sentimita sabini."

Darasa lilipasuka. Mmoja alianguka chini ya dawati. Mwalimu aligonga meza kwa rula.

"Mto gani una urefu wa sentimita sabini? Samaki wake watalala wapi?"

"Mwalimu, nimeandika 'mito' kwenye simu ya baba," Nakili alijitetea, "na hiyo ndiyo iliyotokea juu kabisa!"

"Kweli, mwalimu!" Spika alidakia. "Hata mimi! Mara tatu! Nilikuwa natafuta mito inayomwaga maji ziwani, kila nikibonyeza naangukia kwa mke wa mjomba!"

"Nani mwingine aliingia humo?"

Mikono iliinuka. Sindano aliihesabu bila kutaka. Ilikuwa kumi na tisa, na Jiografia ilifundishwa madarasa matatu. Spika akamgeukia huku akicheka kwa wema kabisa.

"Si nilikuambia jana? Lilinisumbua!"

Darasa zima lilicheka isipokuwa Sindano. Mto wa kulalia ni mto. Mto wa maji ni mto. Neno moja, na yeye alilipeleka sokoni bila kuligeuza upande wa pili.

Alasiri hakwenda karakana. Alikwenda kwa Dada wa Printa, akamwomba amfungulie ule ukurasa wa ripoti. Dada akafungua, na wote wawili wakasoma kimya: mito mikubwa. Mito na maziwa. Chanzo cha mito. Picha za mito. Mito inayomwaga maji ziwani. Mito hukauka kwa nini.

"Nani aliingiza 'mito' peke yake?" Dada aliuliza.

"Mimi."

"Na uliniambia nini?"

Sindano alitazama wino uliomwagika sakafuni.

"Watu zaidi ya mia wamebonyeza," Dada alisema akishusha ukurasa hadi chini. "Nionyeshe hata mmoja aliyekuwa na usingizi."

Sindano aliusoma tena ukurasa toka juu hadi chini.

"Dada," Sindano alisema mwishowe, "mtu akibonyeza tangazo la mwenzake kusudi, ili liishe, inakuwaje?"

"Inakuwa wizi. Ni sawa na kumtia mtu mkono mfukoni. Mtandao hukamata mingi ya mibonyezo hiyo na kuifuta, lakini hauikamati yote." Dada alimkazia macho. "Unaniulizia nini?"

"Basi tu."

Ijumaa, saa kumi na moja jioni, lori la baba lilisimama kwenye kona. Hata kabla hajaoga, wanawake wawili walikuwa wamemzunguka. Baba aliingia karakana akinuka dizeli, akaketi juu ya gunia la usufi, gunia likammeza hadi kiunoni. Siku nyingine wangecheka. Mama alisimama kulia, shangazi kushoto, Spika nyuma ya mama yake, na Sindano mlangoni.

"Mmoja mmoja," baba alisema. "Nimeendesha siku tatu. Sina masikio ya kelele."

"Mwulize mpwa wako," mama alisema. "Alibonyeza au hakubonyeza?"

"Mjomba, nilibonyeza," Spika alisema, "lakini..."

"Umesikia? Amekiri!"

"Lakini nilikuwa..."

"Amekiri kwa mdomo wake! Unataka nini tena? Na aliyemtuma ni huyu hapa."

Spika alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake sauti ilikataa kutoka. Shangazi alikuwa akimtazama mwanawe kwa mshangao na aibu.

"Ulibonyeza kweli?" alimwuliza.

Hapo Sindano aliona jambo waziwazi. Mama alikuwa anashinda. Akinyamaza tu, asiseme lolote, yatakwisha. Shangazi ndiye atakayeomba radhi barabarani, na hakuna atakayejua. Mama aligeuka akamtazama, uso umemng'aa kwa kiburi.

"Mwambie baba yako, mwanangu. Mimi nimeapa kwa neno lako."

Sindano alilia kabla hajasema.

"Hakutumwa, mama."

"Nini?"

"Spika hakutumwa. Nilizua mimi. Alikuwa anafanya kazi ya Jiografia. Wote walikuwa wanafanya kazi ya Jiografia. Niliweka neno 'mito' peke yake, Dada wa Printa alikuwa ameandika mengine, nikamdanganya. Wanafunzi walikuwa wanatafuta mito ya maji." Alivuta kamasi. "Na jana mimi na wenzangu tumebonyeza tangazo la shangazi zaidi ya mara hamsini. Kusudi."

Baba alijaribu kuinuka kwenye gunia, akashindwa, akakaa.

Mama hakupiga kelele. Sindano angetamani apige. Alitafuta viatu vyake, akavivaa taratibu, akatoka nje na kusimama katikati ya barabara, pale alipokuwa amesimama Jumatano. Muuza vocha akainua kichwa. Majirani wakasogea.

"Wifi," mama alisema. "Nilikuita mwizi mbele za watu. Wewe si mwizi. Mteja wako ameondoka kwa sababu yangu. Nimekukosea, nisamehe."

Hakuna kofi lililowahi kumuuma Sindano kama hilo. Mama yake, asiyemwinamia mtu, ameinama kwa ajili ya uongo wa mtoto wake, na mtoto anatazama.

"Nimesikia," shangazi alisema. Hakumkumbatia. Hakutabasamu. Alimgeukia Sindano. "Wewe. Wahenga wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sasa wewe umejikwaa vyote viwili, kidole kwenye tangazo na ulimi mdomoni. Sema mwenyewe, neno gani mliweka?"

"Mito."

"Mito, basi?"

"Mito, basi."

Shangazi alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyekumbuka maumivu yake.

"Mito mitupu! Mimi nilipoanza niliweka neno hilohilo. Wiki tatu wanafunzi walinila hadi nikatamani shule zifungwe! Baadaye ndipo nilipojifunza kuongeza 'ya kulalia', nikafungia tangazo lionekane hapa mjini tu, na nikaandika maneno ya kuzuia: ziwa, chanzo, ramani, mikubwa. Mtu akiyataja hayo, tangazo halimtokei." Akanyoosha mkono kwenye mlango wa mama, kisha kwenye mlango wake. "Ungeniuliza. Ni hatua ngapi hapa?"

"Kumi na mbili," Sindano alisema.

"Kumi na mbili. Mngezitembea kuuliza badala ya kuzitembea kutukana, mngekuwa na pesa yenu na mimi ningekuwa na mteja wangu. Na mimi pia," aliongeza kwa kununa, akimtazama kaka yake, "niliandika 'mito' siku ya kwanza, tangazo lenu likanitokea. Nikasema, waache wakome."

Baba alikata shauri pale pale. Sindano atachambua usufi kwa shangazi mwezi mzima, kila alasiri, kulipia mito sita na mibonyezo hamsini. Marafiki zake watatu watapelekwa kwa mwalimu wa kompyuta, naye atakuwa wa kwanza kwenye mstari. Sindano hakubisha.

Jumamosi shangazi alisimama nyuma ya mama kwa Dada wa Printa, mikono kiunoni, akitoa amri.

"Futa hilo. Andika 'ya kulalia'. Ku-la-li-a! Sitaki watu waseme mke wa kaka yangu amefilisika kwa ujinga."

"Asante, wifi," mama alisema kwa meno yaliyobanana.

"Usinishukuru. Zuia 'jiografia' pia."

Pesa iliyobaki ilitosha siku chache tu. Jumapili walibonyeza watu wawili. Jumatatu walibonyeza watano, na simu ikalia. Sindano alikuwapo, ameingia kubadili gauni, akaidaka.

"Mnauza mito?" sauti iliuliza.

"Ya kulalia," Sindano alijibu upesi. "Ya maji hatuna."

Mtu yule alicheka, akaagiza minne. Jumatano akaja mwingine, akiwa na simu mkononi, akitazama kibao. Mwezi ulipokwisha cherehani ilikuwa mahali pake, na ile karatasi ya kiwanda mama aliigeuza kuwa kipimo cha kukatia foronya.

Msidhani kwamba wifi hao walipatana. Mama bado alifagia manyoya kuelekea ng'ambo, na shangazi bado alikuwa na la kusema. Lakini Sindano alivuka barabara kila alasiri, akajifunga kitambaa puani, akaketi kwenye mkeka wa shangazi. Siku ya mwisho ya adhabu yake, shangazi alichukua mto ambao Sindano alikwisha kuujaza, akaubonyeza kwa kiganja, kiganja kikasimama mahali pamoja.

"Umeacha mbegu."

"Moja tu, shangazi. Foronya itaifunika."

"Foronya inamfunika macho mnunuzi," shangazi alisema, akaufumua mto wote mapajani mwa Sindano. "Mlalaji haimfichi. Uongo nao ni hivyohivyo, mtoto wa kaka. Unaupamba upendavyo, lakini kuna siku mtu atauwekea kichwa, na mara nyingi ni yule anayekuamini kuliko wote. Toa mbegu kabla hujashona. Na usipoijua ilipo, uliza."

Sindano aliitafuta ile mbegu hadi akaipata. Kutoka ng'ambo mama alikuwa akimwita, simu inalia na mikono yake imejaa kazi.

"Nenda," shangazi alisema. "Ukimaliza uje umalizie mto wangu. Si mbali."